Je, Wajua? Breki za Umeme za Tela na Vituko Vyake

Huku kwetu tela tunalolifahamu ni lile refu la lori, linalofunga breki kwa upepo. Ukivuka hadi Marekani, Kanada au Australia unakutana na ukoo mwingine kabisa: karavani za kulalia, matela ya farasi, ya trekta na ya mizigo ya nyumbani, yote yanavutwa na pikapu za kawaida na kufunga breki kwa umeme. Breki hizo zina ufundi wa ajabu zikiwa nzima. Zikigoma ndiyo zinanoga zaidi, maana njia za kumkamata mhalifu ni kali kuliko unavyodhani.

Wati 144 hutawala wati laki moja na nusu

Chukua karavani ya kilo 3,000 yenye magurudumu manne, inayokwenda kilomita 80 kwa saa. Isimamishe kwa sekunde tano, na breki zitakuwa zimemeza wastani wa wati 148,000. Sasa tazama umeme uliotumwa kufanya kazi hiyo: ampea 3 kwa kila gurudumu, kwa volti 12. Jumla yake ni wati 144 kwa magurudumu yote manne!

Nguvu iliyobaki inatoka kwenye gurudumu lenyewe. Ndani ya ngoma ya breki kuna sumaku-umeme inayotosha kiganjani, imefungwa kwenye ncha ya mkono wa chuma. Dereva akikanyaga breki, umeme huingia kwenye koili, sumaku inang'ang'ania uso wa ngoma inayozunguka, na ngoma inaiburuta. Mkono unavutika, viatu vya breki vinapanuka, vinaisugua ngoma kwa ndani. Gurudumu linajikaba lenyewe; umeme umekonyeza jicho tu. Ukishalishika hilo, nusu ya magonjwa ya breki hizi unaweza kuyakisia ukiwa umekaa kitini.

Tela likisimama, breki nazo hulala

Breki ya umeme si ya kutegemewa kulishikilia tela lililoegeshwa. Gurudumu lisipozunguka hakuna cha kuiburuta sumaku, na sumaku isipoburutwa viatu havipanuki. Ndiyo maana mwenye karavani kule hasafiri bila kabari za magurudumu, kazi ambayo utingo wa lori huku huifanya kwa gogo au jiwe.

Kwa hiyo tela likiwa limesimama huwezi kupima linashika kiasi gani. Unachoweza kujua ni kama umeme umefika kwenye sumaku au haujafika, basi. Habari njema ni kwamba hilo peke yake linatosha kumnasa mhalifu mara nyingi.

Sikio kabla ya spana

Breki hizi huvuma. Kidhibiti cha kisasa kilichofungwa ndani ya gari hakipeleki umeme mfululizo. Hukata na kuwasha mara nyingi mno kwa sekunde, na urefu wa kila pigo ndio unaoamua breki ishike kidogo au sana. Sumaku hutetemeka kwa mapigo hayo na kutoa mvumo. Mtu mmoja akibonyeza kidhibiti na mwenzake akalizunguka tela akiinama kila penye gurudumu, gurudumu lililo kimya limeshajitaja lenyewe.

Dira ya skauti hupima breki

Dira ya kawaida, ile ya kutafutia kaskazini, hugundua breki mbovu bila nati hata moja kufunguliwa. Isogeze nyuma ya gurudumu, upande wa ndani ilipo sahani ya breki, na usubiri sindano itulie. Haitaonyesha kaskazini, kwa sababu chuma cha ekseli nacho kinaivuta, hilo lisikusumbue. Mwambie aliye kwenye usukani abonyeze. Sindano ikiruka, koili imepata umeme na sumaku imeamka. Ikibaki imelala, hamia gurudumu la pili ulinganishe.

Raha yake ni kwamba jaribio hilo lina zaidi ya miaka mia mbili. Mwaka 1820 huko Copenhagen, profesa Hans Christian Ørsted aliona sindano ya dira ikigeuka kila alipopitisha umeme kwenye waya uliokuwa karibu nayo, na kwa mara ya kwanza ikathibitika kwamba umeme na sumaku ni watu wa nyumba moja. Leo mtu anachuchumaa kwenye changarawe za uwanja wa kambi kule Arizona na kulirudia lilelile, akiwa na haraka ya kufika kabla jua halijazama.

Chuma cha gramu 200 kilichobeba kilo 4

Sumaku-umeme ya kwanza ya kunyanyulia mzigo ilitengenezwa na Mwingereza aliyeanza maisha akifundishwa kushona viatu, kisha akawa askari. Mwaka 1825 William Sturgeon alionyesha kipande cha chuma cha gramu 200 hivi, kilichozungushiwa waya na kuungwa kwenye betri ya seli moja, kikiinua kilo 4, yaani mara ishirini ya uzito wake. Alipokata umeme, mzigo ulidondoka. Tabia hiyo ya kushika na kuachia kwa amri ndiyo breki ya tela inayoitegemea mpaka leo.

Mita inaweza kusema kweli na bado ikakupoteza

Waya uliooza hadi ukabaki na uzi mmoja wa shaba bado utasoma volti 12 kamili kwenye mita. Mita ya kidijitali hunywa umeme kiduchu sana, na uzi mmoja unatosha kuupitisha. Breki zikija kudai ampea 12, uzi huohuo unazidiwa, volti zinaporomoka, na tela linaendelea kukusukuma mgongoni.

Fundi mwerevu haupimi waya ukiwa mtupu. Huubebesha mzigo kwanza: huunga balbu ya taa kubwa ya gari, ya wati 55, inayokula zaidi ya ampea 4, ndipo apime. Balbu iking'aa kweupe, njia ni safi. Ikiwaka wekundu wa kusinzia, mwizi yumo mahali fulani kati ya pale na betri. Kifaa cha bei ya balbu kinaishinda mita ya maelfu ya shilingi, na mimi nakiri hiki ndicho kipengele ninachokipenda kuliko vyote kwenye orodha hii.

Taa zinawaka, breki zimekufa

Kutu yenye ukinzani wa omu 1 tu kwenye kiungo cha waya inaweza kupunguza umeme wa breki kwa nusu, na taa za tela zisionyeshe dalili yoyote. Hesabu yake ni tamu. Koili moja ina ukinzani wa kati ya omu 3 na 4. Zikiungwa nne sambamba, zote kwa pamoja hazizidi omu 1. Weka omu 1 ya kutu njiani na umeshaongeza ukinzani maradufu. Balbu ndogo ya taa ya nyuma, ya wati 5, ina karibu omu 29 ikiwa inawaka. Kwake omu 1 ya ziada haina kishindo.

Basi mwenye tela anapita nyuma, anaona taa zote zinawaka, anaapa kwamba nyaya ni nzima, kisha anakwenda kununua sumaku mpya nne. Zikifungwa, breki zinabaki vilevile. Kwa maoni yangu hakuna ubovu wa tela unaoteketeza pesa bure kama huu, maana kilichohitajika kilikuwa msasa na nusu saa ya uvumilivu.

Indiketa inayowaamsha majirani

Ukiwasha indiketa ya kushoto na taa nyingine za nyuma zikaanza kupepesa nayo, waya wa ethi umelegea au umekatika. Umeme ukikosa njia yake ya kurudi kwenye betri, hupenya uchochoroni kupitia balbu nyingine na kuziwasha nusunusu. Matela mengine hurudisha umeme kupitia chuma cha kiungo cha kuvutia, pale penye mpira na kikombe chake, mahali palipojaa grisi na kutu. Taa hustahimili njia hiyo mbaya. Breki, kwa njaa yao ya ampea 12, hazistahimili.

Kumi na mbili, tisa, sita

Mita ya ampea kwenye waya wa breki huhesabu magurudumu mabovu bila wewe kusogea kutoka mbele ya tela. Kwa breki za inchi 10 na za inchi 12, ambazo ndizo nyingi, kila sumaku hula ampea 3 hivi. Tela la magurudumu manne lisome 12. Likisoma 9, moja halipo kazini. Likisoma 6, mawili, na hapo anzia kwenye kiungo kinachogawa waya wa ekseli moja. Sifuri ni waya mkuu. Mshale ukivuka kiwango, kuna waya unaogusa chuma mahali au koili imeungua ndani.

Koili iliyoungua ina mtego wake. Fungua sumaku, peleka chanya ya betri kwenye waya wake mmoja na hasi kwenye mwili wake wa chuma. Umeme ukipita, hata kidogo, sumaku hiyo imekwisha. Na ukibadilisha ya gurudumu moja, badilisha na ya mwenzake wa ekseli ileile, vinginevyo tela litavuta upande mmoja kila unapofunga.

Nyaya zisizo na chanya wala hasi

Sumaku ya breki hutoka kiwandani na nyaya mbili zinazofanana, na haijali upi unaupeleka kwenye chanya. Chuma cha ngoma huvutwa sawasawa na ncha ya kaskazini na ncha ya kusini, kwa hiyo hapa huwezi kukosea.

Waya wa buluu wenye maisha mawili

Kwenye soketi ya njia saba ya karavani za Marekani, waya wa breki ni wa buluu na wa ethi ni mweupe. Kwenye malori makubwa ya nchi hiyohiyo nako kuna soketi ya njia saba, ila buluu yake hubeba umeme wa mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge. Anayetoka karakana ya malori kwenda ya karavani anatakiwa kujifunza upya.

Soketi hiyo ni mlango wa siri pia. Toa plagi kwenye gari, inua gurudumu moja kwa jeki, unga betri ya volti 12 moja kwa moja kwenye njia ya buluu na ya nyeupe, kisha mtu alizungushe gurudumu kwa mkono kuelekea mbele. Likijifunga kwa kishindo, tela halina kosa na ugonjwa uko kwenye gari. Likiendelea kuzunguka, gari limesafishwa jina. Kwa dakika chache umeikata nusu ya kazi ya kutafuta.

Adui amejificha ndani ya ekseli

Matela mengi ya Marekani hupitisha waya wa breki ya upande wa pili ndani ya bomba la ekseli, mahali ambapo jicho halifiki. Barabara ikitikisa, waya unasugua chuma, ganda linachubuka, na siku moja shaba inagusa ekseli. Ubaya wake ni kwamba hugusa na kuachia: uwanjani kila kitu kizima, barabarani kidhibiti kinalalamika kila penye shimo. Mafundi wengi hawahangaiki kuuvuta waya huo utoke. Huukata pande zote mbili na kupitisha mpya nje ya ekseli, kwenye mfereji wa plastiki, mahali utakapoonekana.

Waya mwembamba hula kabla ya breki kula

Mita 10 za waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba, kwenda na kurudi, humeza karibu volti 4 kabla umeme haujafika kwenye breki nne. Ukitumia wa milimita 2.5 za mraba upotevu unashuka hadi chini ya volti 2, na wa milimita 6 hadi takriban volti 0.7. Fundi anayeunga tela kwa waya wa taa anaweza kuwa amefanya kazi safi, viungo vinang'aa, na bado breki zikawa hoi tangu siku ya kwanza. Hakuna kilichoharibika hapo, ni njaa.

Gurudumu baridi ndilo mgonjwa

Kusimamisha karavani yetu ya kilo 3,000 mara moja tu kutoka kilomita 80 kwa saa huzalisha joto la kuchemsha maji ya chai zaidi ya lita mbili. Ongeza mwendo hadi 110 na joto linakaribia kuwa maradufu. Joto hilo lazima lionekane mahali, na linaonekana kwenye ngoma. Kwa hiyo baada ya kushuka mlima, gurudumu la kutiliwa shaka ni lile lililopoa wakati wenzake wamepata moto: halikufanya kazi.

Wengi hutembea na kipimajoto cha kuelekeza, cha ukoo mmoja na kile tulichoelekezewa kwenye paji la uso wakati wa UVIKO-19, ila chenye kusoma nyuzi za juu zaidi. Gurudumu moja likiwa la moto kupita wenzake, breki inagoma kuachia, au imekazwa mno. Na joto likiwa kali zaidi kwenye kitovu kuliko kwenye ngoma, achana na breki kabisa. Beringi ndiyo inayolia.

Grisi haifuliki

Kiatu cha breki kilicholowa grisi hakisafishiki, hata ukikiosha kwa petroli mpaka kikakauka. Bitana yake ni kama imelewa: grisi imeingia ndani, na kila ngoma inapopata joto inatoka tena juu. Kiini cha tatizo mara nyingi ni ukarimu. Mwenye tela anasukuma grisi kwenye beringi kwa bomba, anaongeza kidogo na kidogo tena, sili ya nyuma inazidiwa, na ziada yote inamwagikia ndani ya ngoma. Dalili yake ni ya kuchanganya: mita inasoma vizuri, dira inaruka, sumaku inavuma, na gurudumu halishiki. Umeme ukishakuonyesha kwamba hauna hatia, ndipo unapofungua ngoma, na utakachokiona ni weusi unaoteleza kidoleni.

Breki ya kushoto haihamii kulia

Viatu viwili ndani ya ngoma moja si mapacha. Cha mbele kina bitana fupi, cha nyuma ndefu. Gurudumu likizunguka kwenda mbele, cha mbele hushika kwanza na kukisukuma cha nyuma kikandamize zaidi, kwa hiyo breki nzima ina upande wake. Ukiifunga ya kushoto kulia, umeme utafika, mvumo utasikika, kila kipimo kitakupa hongera, ila nguvu itakuwa imepungua pale unapoihitaji.

Breki mpya ni dhaifu kuliko za zamani

Siku ya kwanza breki hizi hushika vibaya, kwa sababu viatu na sumaku bado havijakaa sawa kwenye ngoma. Kisha, zikishakaa, zinalegea. Dexter, kampuni ya ekseli na breki za tela ya Elkhart, Indiana, mji unaojiita makao makuu ya karavani duniani, huwaambia wateja wake wazikaze baada ya maili 200 za kwanza, yaani kilomita 320, halafu kila maili 3,000. Matela mengi hayajikazi yenyewe kama gari dogo. Unapenya na bisibisi chini ya sahani na kuzungusha gurudumu la meno, mpaka tairi ligome, kisha unarudisha kidogo hadi libaki linasugua kwa mbali.

Ukiwa humo ndani, kuna namba mbili za kukumbuka. Bitana ikibaki milimita 1.6, imekwisha. Ngoma ya inchi 12 ikilika hadi upana wake ukaongezeka kwa milimita 2.3, nayo imekwisha.

Kidude kinachohisi mwendo

Kidhibiti bora cha breki hakiangalii umekanyaga pedali kwa nguvu gani. Hupima gari linavyopunguza mwendo. Vya zamani vilitumia pendulum inayoning'inia ndani ya kasha, na ndiyo maana kasha lililofungwa limeinama lilifanya breki zishike mno au zilegee. Aina ya bei rahisi haihisi chochote: huona taa ya breki imewaka, huanza kuhesabu, na huongeza umeme hatua kwa hatua kufikia kiwango ulichopanga. Kabla hujamwita fundi, angalia kwanza kiwango hicho kimepangwa wapi. Pengine aliyeazima pikapu jana alikishusha.

Kila kidhibiti kina kitasa cha mkono kinachofunga breki za tela peke yake, gari likiachwa huru. Hicho ndicho cha kushika tela likianza kuyumba kushoto na kulia kwenye barabara kuu: tela likivutwa nyuma linanyooka, wakati kukanyaga breki za gari kunaweza kulifanya likusukume na kujikunja. Ni kitasa cha vipimo pia. Kwenye barabara tupu, mwendo wa kilomita 30 hadi 40, ukikivuta lazima uhisi mkono wa mtu umekushika kiunoni.

Rubani wa kwanza wa Wisconsin

Mtu aliyeitangaza breki ya umeme ya matela alikuwa ameshawahi kuruka. Arthur P. Warner wa Beloit, Wisconsin, ndiye mtu wa kwanza kurusha ndege katika jimbo hilo, Novemba 1909, kwa ndege aliyoinunua mwenyewe. Kabla ya hapo yeye na nduguye walitengeneza vipimamwendo vya magari, na jina la familia likabaki katika kampuni ya Stewart-Warner. Mwishoni mwa miaka ya 1920 akahamia kwenye breki. Kwa hiyo alianza kwa kuwaambia watu wanakwenda kasi gani, akamalizia kwa kuwasimamisha.

Ulaya hawana habari nazo sana

Tela jepesi la Ulaya hufunga breki kwa kusukumana: gari likipunguza mwendo, tela linalisogelea, fimbo kwenye kiungo inarudi ndani na kuvuta kebo za breki. Hakuna waya wala kidhibiti, na mfumo huo huruhusiwa hadi kilo 3,500. Chini ya kilo 750, tela halilazimiki kuwa na breki kabisa, kiwango ambacho Australia nayo inakitumia. Kwenye majimbo mengi ya Marekani mpaka ni pauni 3,000, kama kilo 1,360.

Mfumo wa kusukumana, kwa njia ya mafuta, ndio unaopendwa hata Marekani kwa matela ya boti. Sababu haihitaji maelezo marefu: tela la boti huzamishwa majini kila safari.

Upepo na umeme hufikiri kinyume

Lori la Tunduma au Mombasa likipoteza upepo, magurudumu ya tela hujifunga, kwa sababu hapo springi za dharura ndizo zinazofunga, na upepo ndio uliokuwa ukizizuia. Dereva hungoja mtungi ujae ndipo aondoke. Breki ya umeme ni kinyume chake: umeme ukikatika, breki hazipo. Waya mmoja ukichomoka, tela la tani tatu linageuka mzigo mfu bila kutoa taarifa.

Betri ya bodaboda inayolinda tani tatu

Kwa sababu hiyo kila tela kubwa la breki za umeme hubeba betri yake na swichi yenye pini. Pini imefungwa kwenye gari kwa kebo nyembamba. Tela likichomoka barabarani, pini hung'oka, swichi inafunga, na betri inamwaga volti 12 zote kwenye breki. Kanuni za usafirishaji wa kibiashara za Marekani zinataka breki hizo zibaki zimeshika kwa angalau dakika 15. Piga hesabu: ampea 12 kwa robo saa ni ampea-saa 3 tu, kiasi ambacho betri nzima ya bodaboda inakimudu.

Sasa uone inavyoweza kuwa chanzo cha fumbo. Maji yakiingia ndani ya swichi na kuunganisha ncha zake, breki hupata umeme bila pini kuguswa: tela linakuwa zito, ngoma zote zina moto, betri inaisha usiku, na sumaku nne zinazotuhumiwa ni nzima kabisa. Ukate waya wa swichi. Tela likiwa jepesi ghafla, umempata. Kuijaribu iliyo nzima ni rahisi: ng'oa pini, sogeza gari mbele kidogo, magurudumu ya tela yaburuzike bila kuzunguka, kisha urudishe pini upesi kabla sumaku hazijapata moto. Ila chomoa kwanza plagi ya umeme kati ya tela na gari, maana umeme wa betri hiyo unaweza kurudi kinyume na kukiunguza kidhibiti.